Majambia Matatu Kutoka Ufilipino

Mama alinipa hadi Ijumaa. Aliyasema hayo Jumatatu asubuhi akijifuta mikono kwa leso, wala hakupaza sauti. Siku hizo wazee wa mtaa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba hapa Mjambere, wakianzia zile zenye vijana wa kiume, wakiomba kila kitu chenye makali ambacho si cha jikoni wala cha shamba. Vijana walikuwa wamewavamia watu kwa mapanga katika mitaa ya jirani, na chifu alitaka silaha zote zikusanywe zikayeyushwe. Anayetoa kwa hiari haulizwi neno. Anayekutwa nazo baadaye, huyo ndiye atakayeulizwa.

"Na wewe una matatu," Mama alisema.

"Si mapanga, Mama. Ni majambia ya kale."

"Mie najua. Askari naye atajua?"

Sikumjibu. Mimi si mtu wa kujibu. Shule niliishia darasa la nane, na katika miaka hiyo yote sikumbuki kama niliwahi kuinua mkono. Mgeni akija nyumbani, mimi hupitia mlango wa uani. Hata haya ninayoyaandika nayaandika polepole, sentensi moja kwa muda ambao ningepiga pasi mashati matatu. Lakini asubuhi ile nilijua vizuri ninachotaka: majambia yabaki. Mama naye alitaka kitu kimoja tu: mimi nibaki. Kwa jinsi mambo yalivyokuwa, ilionekana vitu hivyo viwili haviwezi kukaa nyumba moja.

Mimi ni dobi. Duka letu liko Changamwe, kando ya barabara inayoteremka kuelekea Kipevu, na wateja wetu wengi ni mabaharia. Meli ikifunga gati, mifuko ya nguo huja imejaa shuka, ovaroli za mafuta, na fulana zilizokaushwa kwa upepo wa bahari nisizozijua. Mimi hukaa nyuma, kwenye pasi. Mvuke ukipanda, ukuta wa mbele hupotea, kisha mlango, kisha barabara na malori yake, nikabaki peke yangu ndani ya wingu jeupe linalonuka sabuni. Watu husema kazi ya pasi inachosha. Mimi huota. Nimetembea miji mingi ndani ya mvuke ule, kwa kufuata tu vitambaa vya kwenye kola vyenye maandishi nisiyoweza kuyasoma.

Jambia la kwanza lilikuja kwa mkokoteni. Mnunuzi wa vyuma chakavu alisimama mlangoni kuuliza kama tuna chochote, nami nikamtolea pasi ya mkaa iliyovunjika kifuniko, ambayo mwenye duka alikuwa ameniambia nifanye nayo nipendavyo. Juu ya mkokoteni, kati ya springi za kitanda na mgongo wa friji, niliona kitu cheusi kimepinda kama nyoka anayeogelea. Nikakiokota. Kilikuwa kifupi, shubiri moja na nusu pamoja na mpini wake, na mpini wenyewe ulipanuka mwishoni kama uyoga. Makali yalienda yakirudi, yakienda yakirudi. Nilihesabu mawimbi saba kwa kidole.

"Wataka hicho?" mnunuzi akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Cha kazi gani? Nyanya yenyewe hakikati."

Nikainua mabega.

"Haya, chuma kwa chuma. Lakini pasi yako ni nzito kuliko hicho, usije ukanililia kesho."

Kesho yake sikuwa na cha kulilia. Nililiweka jambia katika droo ya meza ya pasi, jioni nikirudi nalo nyumbani, na kila nilipofungua droo kuchukua kamba, nililitazama. Lilikuwa jeusi tii, weusi ulioingia ndani kama moshi unavyoingia katika dari la jiko la kuni. Mchana, joto linapozidi na mwenye duka akasinzia kwenye kaunta, nililishika na kufumba macho. Nilipitisha kidole gumba juu ya mawimbi yale na kuhisi kama ninashuka ngazi za nyumba iliyo ndani ya maji. Sikujua limetoka wapi. Kwa miaka karibu mitatu sikutaka hata kujua. Lilikuwa limetoka mahali, na mahali hapo palikuwa mbali, na hilo lilinitosha.

Aliyenifanya nitake kujua alikuwa mpishi wa meli. Meli yake iliharibika mashine ikakaa Kipevu majuma kadhaa, na yeye ndiye aliyeleta shuka za wenzake kila baada ya siku mbili. Alikuwa Mfilipino, mfupi, mwenye meno mazuri na simu isiyokwisha kulia. Tulisemezana kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi na chake cha jikoni mwa meli. Hapa nayaandika tuliyosema kana kwamba yalikuwa kwa Kiswahili. Siku moja nilifungua droo kutafuta kamba ya kufungia bunda lake. Akaacha kucheka katikati ya kicheko.

"Umekipata wapi hicho, ndugu?"

Nikamwonyesha barabara, kwa maana ya kwamba kimepita njia.

Alikichukua, akageuka, akakichomeka nyuma ya mkanda wake, juu kidogo ya kiuno, fulana ikakifunika. Alitembea hadi mlangoni na kurudi, taratibu, kama mtu aliyevaa nguo ya babu yake. Kisha akaniambia kwamba kwao jambia hilo huitwa gunong, na kwamba zamani wanaume walilivaa hivyo, mgongoni, na wanawake pia walilivaa.

"Wanawake?"

"Wakienda sokoni. Nani atajua? Unaona mgongo tu."

Lakini yeye mwenyewe hakujua zaidi ya hapo. Alikuwa mtu wa kaskazini, Mkristo, na majambia hayo yalikuwa ya Waislamu wa kusini, wa kisiwa kikubwa cha Mindanao na visiwa vidogo vinavyokifuata. Niliposikia neno Waislamu nilihisi kitu fulani. Nilikuwa nimezoea kuwafikiria watu wa upande ule wa dunia kama watu wa filamu. Sasa niliwaona wakitawadha.

Mama mkwe wake alikuwa wa kusini. Akaahidi kumuuliza.

Siku zile zilizofuata zilikuwa kama ndoto ndefu ambayo mtu hataki kuamshwa. Mpishi alikuja na mfuko wa shuka begani na simu mkononi, tukaingia nyuma kwenye mvuke, akabonyeza ujumbe uliorekodiwa, na sauti ya mwanamke mzee ikajaa chumba. Sikuelewa neno hata moja isipokuwa salamu. Ilikuwa salamu yetu, Asalaam aleikum, ikiwa na mwendo mwingine kidogo. Nami, ambaye jirani akinisalimu nashika njia nyingine, niliijibu kwa sauti, mbele ya simu isiyonisikia.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anauliza huko Afrika mnakula nini."

"Kuhusu jambia?"

"Ngoja. Kwanza anataka kujua mnakula nini."

Nikamwambia wali wa nazi, na samaki, na mihogo. Jibu lilikuja siku ya pili. Mpishi alilisikiliza akitabasamu. Bibi yule alisema kwamba watu wanaokula wali wa nazi na samaki hawahitaji kuelezwa mambo kwa urefu, basi atafupisha. Hata hivyo alizungumza muda mrefu sana. Alisema jambia langu la mawimbi laweza kuwa la enzi za mama yake, au kabla yake kidogo. Kwamba mafundi walizidisha mawimbi kadiri miaka ilivyokwenda, kwa sababu watu waliyapenda. Lakini yale ya zamani zaidi yalikuwa yamenyooka, mapana katikati kama jani, makali pande zote mbili. La nyanya yake lilikuwa hivyo. Nyanya alikatia nalo tambuu, akakatia kamba, akakatia vitovu vya wajukuu. Halikuwa zuri, alisema. Lilikuwa lake.

Usiku ule, na nyingine nyingi baada yake, niliota njia nyembamba kati ya minazi. Wanawake walinitangulia wakiwa na vikapu, na nyuma ya viuno vyao kitambaa kilivimba kidogo, pahala padogo tu. Mimi niliwafuata nikibeba nguo zao zilizopigwa pasi. Hakuna aliyegeuka. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile nikiwa macho.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kutafuta. Mwenye duka alikuwa na shangazi yake Likoni, mjane wa baharia, na akaniambia kwamba bibi huyo ana kisu cha ajabu cha meli. Nilikwenda Jumapili. Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, ameinama, anachimba muhogo kwa kitu kilichonyooka, kipana katikati kama jani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye dobi? Mbona wasimama mbali, waogopa muhogo?"

Mpini wa asili ulikuwa umekufa zamani. Mumewe aliweka mwingine wa mti wa mkoko na kuuzungushia mshipi wa kuvulia. Chuma chenyewe kilikuwa na kutu nene, rangi ya udongo. Nilikaa chini akanisimulia, akimenya ule muhogo. Mumewe alikuwa mpaka mafuta, yaani mtu wa kupaka mashine mafuta, katika meli za mizigo, kazi ya chini kabisa, chini ya maji. Alilala chumba kimoja na Mfilipino wa kusini. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Lakini walisali pamoja, kila wakati wa sala, mmoja mbele na mmoja nyuma, leo huyu imamu, kesho yule, na mumewe alikuwa akisema kwamba rafiki mzuri kuliko wote aliopata kuwa naye ni mtu ambaye hakuwahi kuelewa neno lake isipokuwa Fatiha. Kisha siku moja, katika bandari moja, yule mtu akashuka na hakurudi. Juu ya kitanda cha mumewe palikuwa na kisu hiki.

"Bandari gani, Bibi?"

"Kila alipokisimulia aliitaja nyingine. Mara Kolombo, mara Karachi. Mie nadhani alikuwa akilia siku ile, hakuangalia nje."

Hakutaka kitu kwa jambia lile. Nilipokataa kulichukua bure, akatazama madirisha yake, kisha akanitazama mimi. Nilimfulia mapazia yote na vyandarua vinne kabla ya Idi, nikavipiga pasi hata vyandarua, ambavyo havipigwi pasi.

La tatu nililipata Miritini, kwenye kituo cha malori, juu ya turubai la mtu anayeuza tochi na viatu. Lilikuwa na ala ya mbao iliyochongwa maua na mpini uliochongwa kichwa cha ndege, na lilikuwa na mawimbi mengi kuliko yote. Mpishi alilishika mara moja tu akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa shuka.

"Hili huuzwa uwanja wa ndege. Mimi mwenyewe nimemnunulia shemeji yangu."

Nililipenda hivyo hivyo. Lilikuwa limetoka kulekule.

Kwa hiyo ndiyo hayo matatu Mama aliyoyahesabu Jumatatu ile. Jumanne alikwenda kwa mzee wa mtaa bila kuniambia. Alirudi akavua buibui, akakaa.

"Nimemweleza. Amesema atakuja mwenyewe Ijumaa baada ya alasiri na mtu wa kamati. Kama ni vitu vya kale, na una maelezo yake, watatazama. Kama huna, yaenda kwa chifu na mengine."

"Maelezo ya kusema?"

"Wataka wakusome usoni?"

Nilinunua daftari, maana kusema kungenishinda. Jumanne, Jumatano na Alhamisi niliandika, kila jioni ukurasa mmoja. Niliandika aliyoyasema bibi wa simuni, na aliyoyasema bibi wa Likoni, na pale nisipojua niliandika kwamba sijui. Meli ya mpishi ilikuwa imetengenezwa na kuondoka juma lililotangulia, kwa hiyo dukani hapakuwa na wa kumuuliza zaidi.

Na Alhamisi nilifanya jambo ambalo mtu yeyote wa nyumbani kwetu angelifanya. Wageni walikuwa wanakuja. Kwetu mgeni akija, kila chuma kinachoonekana huoshwa: sinia, birika, mabeseni, hata bawaba za mlango. Mama alinifundisha tangu nikiwa mdogo, ndimu na majivu, kisha kitambaa kikavu, mpaka uone meno yako. Nilikaa uani na majambia yangu matatu. La uwanja wa ndege lilikuwa safi tayari. Lile la mawimbi nililisugua kwa ndimu na majivu, na weusi ulipokataa nikatafuta msasa, nikafuata wimbi moja moja, taratibu, kwa mapenzi, nikinong'ona hesabu. Lilitoka jeupe kama samaki. La Likoni lilikuwa na kutu nzito mno, basi nikaliacha ndani ya bakuli la maji ya ndimu, nikasema nitalirudia baada ya chakula. Nikalisahau mpaka asubuhi.

Asubuhi kutu ilikuwa imelegea ikatoka yote kwa kitambaa. Lakini chuma kilikuwa kimeingia madoa, mistari ya kijivu na nyeusi iliyojikunja kutoka mpini hadi ncha. Nilisugua, haikutoka. Nikajua nimeliharibu. Nililifunga peke yake katika kitambaa, nikaliweka chini ya mengine.

Kabla ya sala ya Ijumaa nilipiga picha lile la mawimbi, linalometameta juani, nikamtumia mpishi. Nilitaka afurahi. Jibu lilikuja wakati natoka msikitini.

"Umefanya nini, ndugu? Weusi ule ndio umri wake."

Nilisimama barabarani nikaisoma tena. Watu walinipita wakiwa na kanzu nyeupe, wakanisalimu, na mimi nilikuwa naona tu uani kwetu, na maji machafu ya majivu yakiteremka kwenda mferejini, na miaka yote ya jambia lile imo ndani yake.

Walikuja saa kumi na nusu. Mzee wa mtaa alikuwa mtu mrefu mwenye miwani mfukoni, na mtu wa kamati alikuwa jirani yetu, mwanamke wa nyumba ya tatu. Mama aliwakaribisha, wakakaa. Safari hii sikupitia uani.

"Haya," mzee alisema, "twaambiwa humu mna makumbusho."

Nilikunjua taulo yenye majambia juu ya mkeka. Waliinama kutazama.

"Mashaallah," jirani akasema. "Yang'aa kama vijiko vya harusi."

"Ndiyo hayo ya kale?" mzee akaniuliza.

"Naam."

"Kale ya lini? Ya jana alasiri?"

Jirani alicheka, Mama hakucheka. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kila kitu kichwani, njia ya minazi, vikapu, chumba cha chini ya maji ambamo watu wawili wanasali, na hakuna hata kimoja kilichotaka kutoka. Nikachukua daftari.

"Naomba nisome."

"Soma, mwanangu. Mie nimeshasali, sina haraka."

Nilisoma. Nasoma kama ninavyoandika, na mara mbili nilipotea mstari, lakini hakuna aliyenikatiza. Nilipofika kwa mumewe bibi wa Likoni na rafiki yake, jirani aliacha kupepea. Nilipofika kwa jambia la uwanja wa ndege, sikuwa nimeandika chochote ila kwamba ni zuri. Nilikuwa nimekusudia kupita hapo haraka. Nikamtazama Mama, nikaona amekaa wima kama mtu anayengoja jina lake liitwe ofisini.

"Hili la tatu si la kale," nikasema. "Huuzwa kwa wageni. Mie nililipenda tu."

Mzee akalisogeza upande wa mlango. Kisha akalichukua la mawimbi, akapitisha kidole gumba pale nilipozoea kupitisha changu.

"Maneno yako ni mazuri. Lakini nikimpelekea chifu hili, nimwambie lina umri wa mama wa bibi fulani, atanicheka. Fundi wa Kongowea ukimpa springi ya gari, kabla ya adhuhuri amekutolea kama hili."

"Lilikuwa jeusi," Mama akasema. Sikutarajia sauti yake. "Mie nimelala nalo nyumba moja miaka mitatu, likinitisha kila siku, na lilikuwa jeusi kama chungu. Ni mie niliyemfundisha kuosha vyombo vile. Kama kuna makosa, ni ya malezi."

"Nakuamini, dada. Lakini chifu hatayaona malezi. Ataona chuma."

Akaliweka upande wa mlango pia. Halikutoa sauti yoyote. Nilidhani litatoa.

"Na hicho kitambaa?" jirani akauliza.

"Hilo nimeliharibu," nikasema. "Nililisahau kwenye ndimu. Limeingia madoa."

Alilifungua hata hivyo, akaligeuza, akasogea nalo mlangoni penye mwanga. Kisha akasema, "Mzee, hebu njoo utazame. Haya si madoa. Ni kama ubao wa mnazi."

Mzee alitoa miwani. Alilitazama kwa karibu, kisha akalinyoosha mbali, kisha akalikwaruza kwa ukucha. Na sauti yake ilipotoka haikuwa tena ile ya kamati.

"Mie nimepiga chuma karakana miaka thelathini," alisema, akimwambia Mama zaidi kuliko mimi. "Hiki kimekunjwa. Umeona? Fundi amekipiga akakikunja, akakipiga tena akakikunja, vyuma viwili tofauti, mpaka vikashikana. Mistari hii imo ndani, haikupakwa. Ndimu imeitoa tu nje." Akalishika tena kwenye mwanga, na mistari ile ikatembea, wallahi ilitembea, kama maji ya mkondo unapoyatazama kutoka juu. "Hapa kwetu hakuna mtu mwenye subira hiyo. Labda zamani."

Nilikuwa nalitazama jambia ambalo bibi wa Likoni alichimbia mihogo, lenye mpini wa mkoko, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelificha kwa aibu.

"Hili libaki," mzee akasema mwishowe. "Lakini lisiwe la kijana. Liwe la mama mwenye nyumba, likae kabatini penye macho ya watu, na hilo daftari likae nalo. Mtu akiuliza, aelezwe."

"Na nani?" Mama akauliza.

"Na mwenye kujua."

Nililifunga la mawimbi, pamoja na lile la uwanja wa ndege, kwa mikono yangu, katika taulo niliyoipiga pasi. Kupitia kitambaa nilihisi ngazi zile saba, nikashuka nazo mara moja tu, hadi chini. Kisha nikampa mzee lile bunda, akaondoka nalo chini ya kwapa kama mkate.

Mpishi nilimwandikia yote. Alikuwa karibu na Durban. Alimpigia mama mkwe wake, na bibi yule akaniagiza nilipake hilo lililobaki mafuta ya nazi kila mwezi, na ndimu nile na samaki. Kuhusu lile lililokwenda hakusema kitu, isipokuwa alitaka kujua mawimbi yake yalikuwa mangapi. Nilipomwambia saba, alisema ni idadi nzuri. Wakati mwingine, ndani ya mvuke, bado naliona likiwa jeusi, linaogelea, na sijui linaelekea kwake au kwangu.

Lile la Likoni linakaa katika kabati la vioo sebuleni, kati ya chupa ya chai na bakuli la sukari. Mama ndiye mwenyewe sasa, na hilo limembadilisha kwa namna ambayo sikuitazamia. Mgeni akiingia hamwachi akae vizuri. Humsogeza kabatini, humwonyesha mistari, humsimulia. Mimi nilikuwa nikisikiliza kutoka ukumbini, na kila juma hadithi ilikuwa ikikua. Mara bandari ikawa Singapuri. Mara yule Mfilipino akawa tajiri. Sikusema kitu.

Jumamosi iliyopita alikuja binamu yake kutoka Changamwe, mama mnene mwenye kucheka kwa urahisi, na nikamsikia Mama akimwambia, "Hili lilikuwa la mfalme wa huko. Alimpa baharia wetu kwa mkono wake."

Nilisimama nyuma ya pazia. Nikafikiria mtu aliye chini ya maji, mwenye mafuta mpaka kwenye kucha, amesimama nyuma ya mwenzake wakisali. Nikatoka.

"Si mfalme, Mama," nikasema. "Alikuwa mpaka mafuta, na mwenzake naye vilevile."

Wote wawili wakageuka. Binamu yake alinitazama kama mtu aliyeona kiti kikizungumza.

"Huyu husema?" akamuuliza Mama.

"Husema," Mama akajibu. Akasogea kwenye kochi, akanipisha nafasi. "Basi eleza wewe, wewe ndiye ujuaye."

Nikakaa. Nilianza na bibi wa simuni na wali wa nazi, kwa sababu ndivyo ilivyoanza, nikaenda polepole, na chai ya mgeni ikapoa.